Jinsi Vuta N'Kuvute Ilivyofika Toronto, na Reli Inayotusubiri Kilombero

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Ifakara anaweza kukutajia wahusika wa Vuta N'Kuvute bila kufungua kitabu. Yasmin, Bwana Raza, Mwajuma, Denge, Bukheti, Koplo Matata: wote wamepita kwenye maswali ya mtihani wa Kiswahili miaka nenda miaka rudi. Riwaya hiyo ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, imesomwa na kuchambuliwa kote katika Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba. Lakini ukimuuliza mwanafunzi huyohuyo kama ameiona filamu yake, mara nyingi atakwambia amesikia tu kwamba ipo.

Ipo, na imefika mbali. Septemba 2021 filamu ya Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, Kanada, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Kitanzania kuchaguliwa huko. Mwaka uliofuata ilinyakua Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya Tamasha la Carthage nchini Tunisia. Mwaka huohuo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar katika kundi la filamu za kimataifa. Ilikuwa mara ya pili tu kwa nchi yetu kufanya hivyo. Ya kwanza ilikuwa Maangamizi, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001.

Sifa hizo zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni namna kazi yenyewe ilivyofanywa, na hicho ndicho kinachowafaa vijana wetu wenye kamera. Nimeitazama filamu hii kwa jicho la fundi, na ninachokiona ni mfululizo wa maamuzi ambayo mengi yanadai akili na subira kuliko fedha. Mengi kati yake yanaweza kufanyika hapa Kilombero, tena tukiwa na nyenzo ambazo Unguja, ilikopigwa filamu hii, haina.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukata. Riwaya ya Adam Shafi ni pana. Inaanza na binti wa miaka 15 kuozwa kwa mzee wa miaka 52, inavuka bahari hadi Mombasa, inarudi Unguja, inaingia kwenye mikutano ya siri ya wapigania uhuru, inafuata nyendo za makachero wa Kiingereza, inafungua kesi, inafunga jela, inavusha mtu kwa magendo. Mtu akitaka kuweka yote hayo kwenye filamu atapata tamthilia ya runinga ya misimu mitatu. Filamu ya Shivji, aliyoiandika pamoja na mwongozaji wa Afrika Kusini, Jenna Bass, ina takribani saa moja na nusu. Imeshika uzi mmoja, Yasmin na Denge, na Mwajuma amekaa kando yao kama mlango ambao Yasmin anaupitia kutoka maisha ya kufungiwa ndani kwenda maisha ya mitaa ya Ng'ambo. Mengine ama yamepunguzwa ama yamekaa nyuma.

Wapo walimu watakaolalamika kwamba kitabu kimekatwakatwa. Nawaelewa, maana wao wamekifundisha sura kwa sura. Hata hivyo kitabu kinaweza kukueleza kwa kurasa kumi kile ambacho mhusika anakiwaza, na msomaji akavumilia. Kamera haioni mawazo. Inaona mkono unaosita kwenye komeo la mlango, inaona mtu anayetazama dirishani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa hiyo mwandishi wa filamu hutafuta vitendo vinavyoweza kubeba kurasa kumi, na kila asipovipata hukata. Shivji amekata bila huruma, na naamini amefanya sawa.

Hapa ndipo filamu zetu nyingi za Bongo Movie huharibika. Soko la kanda na diski la miaka ya 2000 lilitufundisha kurefusha: hadithi moja inauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa hiyo gari linafuatwa kuanzia getini hadi linapoegeshwa, na watu wawili wanaelezana kwa maneno jambo ambalo mtazamaji ameshaliona. Kibiashara ilikuwa na mantiki yake, maana mnunuzi wa Kariakoo alitaka diski mbili. Tamasha la filamu linapima kinyume chake. Mchaguzi wa tamasha anapitia mamia ya filamu, na dakika chache za mwanzo zinamwambia kama mwongozaji anajua anachokiacha.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali. Hadithi inatokea miaka ya 1950, na filamu ya zamani ni ghali kuliko ya sasa, kwa sababu kila kitu kinachoonekana lazima kiwe cha wakati huo: viatu, vikombe, magazeti, baiskeli. Ila Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, bado una kuta zake za mawe na chokaa, ngazi zake za mbao na milango yake ya kuchonga. Mwongozaji hakuhitaji kujenga mji. Alihitaji kuuficha mji wa leo uliomo ndani ya ule wa zamani. Nyaya za umeme zimetanda juu ya vichochoro, madishi ya runinga yako darini, matangi ya plastiki yako kila paa, bodaboda zinapita.

Dawa ya hayo ni fremu finyu, vyumba na usiku. Filamu hii inakaa sana ndani, vichochoroni na gizani. Wengi husifu uzuri wa rangi zake za usiku, na uzuri huo ni wa kweli, ila fundi anaona pia hesabu iliyomo. Ukiweka chanzo kimoja cha mwanga, tuseme kandili juu ya meza au taa ya mlangoni, na ukaacha kilichobaki kimezwe na giza, basi giza limekufanyia kazi ya fundi seremala na mchoraji. Huhitaji kupamba chumba kizima. Unapamba kona moja ambayo mwanga unaigusa, na mtazamaji anaijaza nyumba iliyobaki mwenyewe. Kamera za kidijitali za siku hizi zinavumilia mwanga mdogo, na lenzi inayofunguka sana hulainisha mandharinyuma hadi waya wa umeme ukabaki kivuli tu.

Sasa nirudi kwetu. Unguja ina Mji Mkongwe, sisi tuna reli ya TAZARA.

Reli hiyo ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na imelikata bonde letu kwa urefu: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba, kisha inaanza kupanda milima kuelekea Makambako, kipande ambacho wajenzi walitoboa mahandaki na kurusha madaraja juu ya makorongo. Stesheni zake bado zimesimama na sura ya miaka ile ya 1970. Majengo mazito ya zege, majukwaa marefu, madirisha yaliyopangwa kwa mstari. Mwongozaji anayetaka kusimulia enzi za ujenzi wa reli ana mandhari tayari, na mabehewa tayari, na reli yenyewe. Kitu cha kuficha ni kidogo kuliko kule Mji Mkongwe.

Na hadithi je? Zimejaa. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walifanya kibarua pamoja na mafundi wa Kichina, wakiishi kambini, wakila pamoja, wakiugua malaria pamoja. Wanawake wa vijiji vya kandokando waliwauzia mchele na samaki wa Mto Kilombero. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wapo miongoni mwetu, na kila mwaka wanapungua. Kanuni ya kukata inafanya kazi hapa pia: usijaribu kusimulia reli nzima. Chukua kambi moja, msimu mmoja wa mvua, binti mmoja wa Kindamba anayepeleka mchele kambini, na kibarua mmoja aliyetoka Njombe. Reli itaonekana yenyewe nyuma yao.

Kuna tatizo la kiufundi ambalo mpiga picha wa Zanzibar halijui na wa Kilombero lazima alijue: mpunga. Ukuta wa mawe hauna haraka, hubaki vilevile kwa miezi. Shamba la mpunga hubadilika rangi wiki hadi wiki. Mwezi Machi na Aprili ni kijani kibichi na maji yamesimama. Juni majani yanageuka dhahabu. Baada ya mavuno yanabaki mabua, kisha moto, kisha majivu. Ukipiga nusu ya mazungumzo ya wapenzi wawili mwezi Mei na nusu nyingine Juni, kwenye uhariri watu hao watakuwa wanaongea huku shamba likiruka kutoka kijani hadi manjano kila mmoja anapofungua mdomo. Mtazamaji hatajua kimetokea nini, ila atajua kuna kitu hakiko sawa. Kwa hiyo ratiba ya filamu ya bonde hili inapaswa kufuata kilimo: pande zote mbili za mazungumzo zipigwe siku hiyohiyo, na matukio ya shambani yapigwe kwa mfuatano wa hadithi, yaani mwanzo wa hadithi wakati wa kupanda na mwisho wakati wa kuvuna. Mwongozaji akifanya hivyo, mabadiliko ya rangi ambayo yangemharibia kazi yatamwonesha mtazamaji muda unavyopita bila kuandika tarehe kwenye skrini.

Mahali pazuri kuliko pote pa kupiga filamu ya gharama ndogo bondeni ni dungu. Kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia hulala shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori, kina kila kitu anachokihitaji mwongozaji mwenye bajeti ndogo. Kina sakafu moja, ngazi moja, na uwazi pande zote unaoingiza mwanga wa asubuhi na jioni kutoka pembeni. Kinalazimisha wahusika wawili au watatu wakae karibu wasiweze kukimbiana, na drama inahitaji hilo. Usiku taa moja inatosha. Ukitaka picha ya mbali, unashuka chini na kumpiga picha mtu aliye juu akiwa kivuli mbele ya anga. Sijaona filamu ndefu iliyolitumia dungu ipasavyo, na naona ni hasara.

Uamuzi wa tatu ni sauti, na hapa sitazunguka: sauti ndiyo inayozuia filamu nyingi za Tanzania kuingia kwenye matamasha makubwa. Picha yenye kasoro huitwa mtindo. Sauti yenye kasoro haina jina jingine.

Katika Vuta N'Kuvute, Mwajuma anachezwa na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar anayejulikana kwa taarabu kabla ya kujulikana kwa uigizaji. Uchaguzi huo ni wa kiufundi kama ulivyo wa kisanaa. Mwigizaji asiyeimba angelazimisha filamu itumie sauti ya mtu mwingine iliyobandikwa, midomo ikafuata nyuma. Mwimbaji halisi anaruhusu kamera ikae karibu na uso wake, pumzi ionekane kabla ya neno, na mtazamaji aamini. Nyimbo hapo zinabeba siasa na mapenzi ambayo wahusika hawawezi kuyasema wazi mbele ya askari wa mkoloni, kwa hiyo kama sauti ingekuwa hafifu hadithi yenyewe ingeanguka.

Bonde la Kilombero ni gumu kwa maiki. Vyura wakianza jioni hawanyamazi. Mvua juu ya bati inafunika kila neno. Pawatila inasikika umbali mrefu, na mashine za kukoboa mpunga zinanguruma mchana kutwa. Hata mbu wanahusika: mabawa ya anofelesi jike hupiga mara mamia kadhaa kwa sekunde, sauti inayoangukia katikati ya masafa ya maneno ya binadamu, kwa hiyo huwezi kuichuja kwenye kompyuta bila kuila sauti ya mwigizaji pia. Mji unaojulikana duniani kwa utafiti wa malaria, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, unastahili kuwa na warekodi sauti wanaojua tabia ya mbu.

Njia ya kupambana na hayo inafahamika na haina uchawi. Maiki iwe juu ya kichwa cha mwigizaji, kwenye ufito mrefu, karibu kadiri fremu inavyoruhusu, wala isibaki juu ya kamera. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni sauti tu, na awe na mamlaka ya kusema turudie. Kabla ya kuhama kila mahali, watu wote wanyamaze na irekodiwe sauti ya mahali penyewe kwa dakika moja, ili mhariri awe na kitu cha kuzibia mapengo. Vyura na mvua virekodiwe peke yake, vizuri, kisha vipangwe kwenye uhariri kwa kiwango unachokitaka wewe. Na ikiwa kuna chaguo kati ya kukodi lenzi nzuri kwa siku mbili au kumlipa mrekodi sauti kwa wiki, mlipe mrekodi sauti.

Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, tumezoea kusikiliza filamu za nje kupitia sauti ya mtafsiri anayezungumza juu yake, mtindo uliopata umaarufu mkubwa enzi za mtafsiri Lufufu. Ni sanaa yenye heshima yake, na imewapa watu wetu sinema ya dunia kwa lugha yao. Lakini imetuzoesha kutoidai sauti ya asili. Kijana aliyekulia kwenye kibanda umiza anapotengeneza filamu, mara nyingi anajaza muziki kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba ukimya ni kosa la mashine.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Filamu ya Shivji ilitengenezwa na kampuni yake, Kijiweni Productions, pamoja na mtayarishaji wa Afrika Kusini, Steven Markovitz, na ni ushirikiano wa Tanzania na Afrika Kusini, Ujerumani na Qatar. Mtindo huo huchukua miaka: muswada unapelekwa kwenye mifuko na masoko kama Durban FilmMart, unarudi na maoni, unaandikwa upya. Shivji hakuanzia hapo. Alisomea filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto, akatoa filamu fupi Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, kisha filamu ndefu ya T-Junction, iliyofungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF) mwaka 2017. Kila kazi ilikuwa kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, na kila moja ilimpa cha kuwaonesha wafadhili wa inayofuata. Baba yake, Profesa Issa Shivji, alizaliwa Kilosa, mkoani kwetu Morogoro, kwa hiyo tuna haki ya kujivunia japo kwa mbali.

Jambo moja la utaratibu wa matamasha lieleweke vizuri, kwa sababu limewanyima wengi nafasi. Matamasha makubwa hutaka filamu ambayo haijaonekana hadharani kwingine. Ukiiweka filamu yako YouTube wiki moja baada ya kuikamilisha, umejifungia milango mingi kwa mkono wako. Ndiyo maana filamu ya aina hii huanza ughaibuni na kufika nyumbani baadaye. Peleka kwanza kwenye matamasha, subiri majibu, ndipo uitoe kwa umma. ZIFF, iliyoanzishwa 1997 na ambayo imekuwa ikionesha filamu chini ya anga ndani ya Ngome Kongwe, ni mahali pa kuanzia palipo karibu nasi. Ukishachaguliwa utatakiwa kutoa faili la sinema liitwalo DCP, kwa kawaida la fremu 24 kwa sekunde, lenye maandishi ya tafsiri yaliyopangwa kwa wakati. Amua idadi ya fremu kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, kwani kubadilisha mwishoni huleta mtikisiko. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa herzi 50, weka shata kwenye 1/50, la sivyo taa za LED za dukani zitapepesa nyuma ya mwigizaji wako.

Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikiwe mapema, na ruhusa ya TAZARA na ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iombwe kwa maandishi miezi kabla. Maombi ya dakika za mwisho hukwama.

Imebaki kazi moja ya kiufundi ambayo Vuta N'Kuvute haijafanyiwa bondeni kwetu, nayo ni kuoneshwa. Vifaa vinavyotakiwa ni projekta, spika mbili nzuri, kitambaa cheupe na ukumbi unaoweza kutiwa giza. Shule zetu zina kumbi, na Ifakara haikosi watu wa kukodisha projekta na muziki kila Jumamosi ya harusi. Kinachokosekana ni barua. Nawaomba walimu wa Kiswahili wa kidato cha tano na sita, kuanzia Kidatu hadi Mlimba na ng'ambo ya Mto Kilombero hadi Mahenge, wawaandikie wenye filamu kuomba haki ya kuionesha kwa wanafunzi, wachangie ada itakayotajwa, na baada ya kuionesha wawape wanafunzi zoezi moja: waorodheshe kila kilichokatwa kutoka kwenye riwaya, na waeleze kwa nini. Wanafunzi wakilifanya zoezi hilo kwa dhati, watakuwa wameanza kujifunza kuandika filamu yao wenyewe ya reli.